Tumbo Lisilokamuliwa

Hadjira, Mngazija wa Madagaska, alizaliwa kisiwani Nosy Be, akaolewa mjini Mahajanga, akafanywa mjane na ghasia za mwaka sabini na sita, Wangazija walipouawa mitaani na watu waliokuwa wakiazimana chumvi nao. Aliwaosha wanawake waliokufa siku zile. Tangu hapo, mwanamke Mwislamu akifa mtaani kwao Antanimasaja, aliitwa yeye.

Kipindupindu kilipoingia mjini miaka ya baadaye, ulimi wa jirani ukarudia makali yake.

"Mmekileta kutoka visiwani kwenu!" mwuza samaki alimfokea, akakataa kumpimia.

Mpwa wake Kamardine alikuwa akisoma biolojia chuoni.

"Mama mkubwa, kijidudu hiki kikiwa majini hakina ukali. Jeni zake za sumu zimezimwa. Kikiingia utumboni, kikakutana na nyongo, kinaziwasha."

"Kumbe kinafanana na majirani zetu."

Kamardine alicheka, kisha akakaza uso. "Kilichotoka tumboni punde tu bado kimewaka. Walimu wetu wanadhani hapo ndipo kinapoambukiza vibaya zaidi. Usikamue tumbo la maiti."

"Josho bila kukamua tumbo? Watanitukana."

"Afadhali utukanwe ukiwa hai."

Juma lile Fatoumia, mshonaji, alikufa kwa kuhara. Uani sufuria za wali wa matanga zilikuwa tayari motoni, na wanawake waliosubiri kusaidia josho ndio hao hao wangepakua. Hadjira aliwatazama mikono, akaimwaga ndoo ya maji mchangani.

"Hatumwoshi. Nitamtayamamisha."

"Kwa vumbi?" Kouraichia, wifi wa marehemu, alimrukia. "Wifi yangu aende kaburini na uchafu tumboni? Mchawi wewe!"

"Uchafu huo ukitoka, utatuua."

"Unaogopa maiti, basi rudi Nosy Be ukauze maua ya ilang-ilang!"

Kouraichia akakunja mikono ya gauni, akaingia chumbani kwa maiti ili amkamue mwenyewe. Hadjira alimshika kifundo cha mkono, akamsukuma nje, akafunga komeo. Huku mlango ukipigwa mateke, alipiga viganja juu ya mchanga safi, akampangusa Fatoumia uso, kisha mikono, akamvika sanda.

Alipotoka alitemewa mate. Hakuna mwingine aliyekufa katika nyumba ile, wala hakuna aliyemwomba radhi.

Maiti iliyofuata mtaani iliitiwa mwoshaji mwingine. Hadjira alikwenda bila kualikwa, akasimama dirishani.

"Msimkamue! Mnanisikia? Msimkamue!"

Ndani mtu alisema jina lake kwa kicheko. Kisha dirisha likafungwa, na akasikia maji yakianza kumiminwa.