Jani la Sale na Mbu Asiyedhuru

Kazi yangu ilikuwa kufuga mbu. Cheka tu, kwetu Machame walicheka hadi wakachoka. "Wenzako wanafuga ng'ombe, wewe mbu! Sasa unakamua nini?" Ilikuwa miaka ile kahawa ilipoanguka bei, watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya, nami nikamshukuru Mungu kwa ajira yoyote mjini Moshi. Nilikuwa nalisha viluwiluwi kwenye mabeseni, kisha nahamishia mbu wakubwa kwenye vizimba vya chandarua, ili watafiti wapate wa kufanyia majaribio.

Mdogo wangu aliolewa huko chini tambarare, kwenye mashamba ya mpunga, ambako mbu hawakuhitaji wa kuwafuga. Msimu wa kupandikiza ulipofika, alimpandisha mwanawe wa miaka mitatu kwa mama yetu kule Machame mlimani ili aepukane na malaria. Sisi watu wa mlimani tulikuwa na imani yetu: malaria ni ya huko chini, haipandi mlima. Mtoto akichemka mwili kule juu, basi ni baridi, au anaota jino.

Jamani, malaria ilipanda. Ilipanda ndani ya damu ya mtoto mwenyewe, kimya kimya. Siku chache tu akaanza kutetemeka. Mama akasema, "Baridi ya huku imemwingia, atazoea." Akamfunika blanketi, akamweka karibu na moto, akamnywesha mtori wa ndizi. Alipozidi kutetemeka akamwongezea blanketi jingine. Mpaka anafikishwa hospitali, damu ilikuwa imekwisha mwilini. Tulimrudisha kwao kwenye jeneza dogo, likapakatwa mapajani kama mtoto aliyelala.

Pale makaburini mdogo wangu alimwambia mama mbele ya watu, "Umemfunika mwanangu mpaka akafa." Tangu hapo hakumsemesha tena. Mama akakonda. Akipikiwa anasema ameshiba, akikaa anatazama moto. Niliwakasirikia wote wawili, nasema kweli: huyu kwa ulimi wake, na yule kwa kukubali kwamba ameua.

Mpunga ulipovunwa, mama alikata jani la sale, ule mmea tunaopanda mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani. Kwetu aliyekosa akikuletea sale kuomba msamaha, huwezi kulikataa, hata kama alikumwagia damu. Lakini mzazi kumpelekea mwanawe! Sijawahi kuona. Nilimshika mkono tukateremka.

Mdogo wangu alitukuta uani kwake. "Shikamoo mama," alisema, akitazama pembeni. Mama hakuitikia. Alinyoosha jani kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nimekuja na sale."

"Sale litanirudishia mtoto?"

Akakunja mikono kifuani, na mama akabaki amenyoosha. Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi nikikosa la kusema, husema ya kazini. Nikaropoka kwamba mtaalamu wetu ametueleza jambo: huko ng'ambo wameanza kubadilisha vinasaba vya mbu, yaani ile asili anayorithi kwa wazazi wake, ili vijidudu vya malaria visiweze kukua ndani yake. Bado ni kazi ya maabara, nikasema, labda itachukua miaka mingi.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akanigeukia.

"Yaani atauma, lakini hatakuacha na ugonjwa?"

"Utajikuna tu."

"Hata mtoto?"

"Hata mtoto, mdogo wangu."

Mumewe alitoka ndani, akatuona, akarudi polepole.

"Dada, niambie kweli, usinidanganye. Kama wangekuwa ni mbu wa namna hiyo waliomuuma mwanangu hapa kwangu, halafu akapanda kwa bibi yake, akatetemeka, akafunikwa yale mablanketi..."

Nilishindwa kumtazama mama.

"Ingekuwa baridi tu," nikasema. "Angepata joto, akalala, asubuhi akaomba maziwa."

Ndipo mdogo wangu akalia, kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Akakaa chini kwenye mavumbi, miguuni pa mama. "Kumbe aliumwa kwangu," alisema. "Aliumwa humu ndani mwangu, mama. Wewe ulimfunika asione baridi."

Akainua mkono akalipokea lile jani.