Jina Lililobaki Jandoni

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, hata viatu nilivyovaa, maana vilikuwa vya kuazima na vilinibana. Mwalimu wa shule ya kijijini kwetu, upande wa Ruangwa, alishikwa na homa akapelekwa Nachingwea kutibiwa. Wazee wakaniomba nimshikie darasa mpaka apone. Nilikuwa kijana mbichi, ndiyo kwanza nimerudi kutoka masomoni Lindi, na kiburi changu kilizidi elimu.

Wale wanafunzi niliwajua tangu wakichezea vumbi. Wavulana walikuwa wametoka jandoni wiki ile ile, vichwa vimenyolewa na kupakwa mafuta. Niliviona kwa macho yangu, lakini sikutia akilini. Nikaanza kuwaita kwa majina ya utotoni, nikidhani naonyesha mapenzi. Nikamwita Chitanda, aliyewashinda wote kwa hesabu. Kimya. Alinitazama tu bila kupepesa. Nikawaita wenzake, nao kimya.

Kama hujui nakwambia: kwetu kijana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na la zamani huzikwa kule kule. Kumwita kwa jina hilo ni kumwambia bado ni mtoto, na hilo ni tusi. Mimi nami nilipita huko huko, ila ule ualimu wa asubuhi moja ulinisahaulisha kila kitu. Nikasema asiyeitikia atoke nje. Wakatoka wote bila fujo, wakaenda zao. Nikabaki na wasichana wawili na ubao.

Adhuhuri akaja mjomba wake Chitanda, mzee aliyemlea. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, na nilijua neno lake ndilo litakaloamua kama vijana watarudi. Siku zile mashamba ya karanga ya Wazungu kule Nachingwea yalikuwa yanatafuta vibarua, na kijana aliyeudhika hakukosa pa kwenda. Mzee hakugomba. Alisimama mlangoni, akaniita kwa jina langu la utotoni mbele ya wale wasichana.

"Mchopa, umeshindaje?"

Damu ilinipanda. Nikamwuliza kwa nini ananivunjia heshima.

"Kumbe linauma," alisema taratibu. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, mwalimu. Kwa binadamu mchungu."

Niliona aibu, mwanangu, mpaka masikio yakawaka. Nikamwomba radhi, kisha nikapita nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi vijana, nikimwuliza kila niliyemkuta: sasa unaitwa nani? Kesho yake walirudi, isipokuwa mmoja. Hamisi, maana ndilo jina alilopewa yule Chitanda, alikuwa amekwisha ondoka kwenda Nachingwea. Mjomba wake alimfuata, lakini kijana akakataa kurudi. Kichwa kile cha hesabu kikaishia kung'oa visiki. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi mpaka leo naumia.

Basi ukipewa cheo, kiwe kikubwa au kidogo kama kile changu, usikimbilie kumwambia mtu yeye ni nani. Mwulize kwanza. Kuuliza si ujinga. Aliyekua, kubali kwamba amekua, hata kama jana ulimbeba mgongoni.

Mungu akupe cheo, mwanangu, na kabla ya cheo akupe utu. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akujalie uwahi kuomba radhi wakati uliyemkosea bado yupo nyumbani.