Umeduwaa Kabisa, au Umeduwaa Leo?

Mwaka huu ambao maharage yameozea shambani, na sisi wa Busunzu tunakula ugali wa muhogo kwa sombe ya majani ya muhogo huo huo mchana na jioni mpaka wajukuu wananiuliza kama maharage yalikuwa chakula cha kweli au hadithi za wazee, ndio mwaka uliomchukua Mwalimu. Amefia Kasulu alikokwenda kutibiwa. Ndugu zake walikuja kutoka Lindi wakamchukua, wakaenda kumzika kwao, na hilo sina ugomvi nalo. Mtu ana haki ya udongo wa kwao. Ila kwangu kimebaki chumba cha nyuma, alichokuwa akiwafundishia wasichana waliofeli kidato cha nne. Na msiba haujapoa, mwanangu wa pili, anayenunua mahindi na kuyauza mjini Kibondo, ameshakizunguka chumba hicho akikipima kwa macho. Anataka kiwe stoo.

Nitafika kwa mwanangu. Kwanza mjue huyu mama alikuwa nani. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, aliyeletwa huku na serikali, Mwislamu, nami Mkatoliki. Ramadhani nilimpikia uji wa kufuturu, na Krismasi yeye ndiye aliyenichinjia kuku, ili naye ale. Kabla hajawa mpangaji wangu alikuwa kapanga nyumba ya jirani, na msimu wake wa kwanza wa mvua upepo uling'oa mabati yote. Tukaja majirani, huyu na kamba, huyu na misumari, mimi na kikapu cha muhogo. Tukamkuta amekaa juu ya ndoo uani. Tukamuuliza tuanzie wapi. Akasema amechanganyikiwa kabisa. Basi tukampa pole, tukakaa naye kidogo, tukaondoka na misumari yetu. Alilia sana siku ile. Akasema watu wa huku wana roho za mawe.

Kesho yake nilimfuata nikamweleza bila kumzungusha. Kwetu mtu akisema kabisa, ametuambia anataka kulia kwanza, na anayelia haingiliwi na nyundo. Mama yangu alitufundisha hivyo: taja shida, kisha taja kilichobaki, ili mkono wa jirani upate pa kushika. Akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akitoa hotuba. Lakini jioni alitoka barabarani, akawaambia wanaume waliokuwa wakirudi shambani kwamba mabati yamekwenda ila mbao ziko. Giza lilipoingia alikuwa chini ya paa, na mwanaume mmoja bado yuko juu anagongelea, anamtania kwamba Lindi nyumba zinaezekwa kwa machozi.

Jambo hilo halikumtoka. Alipohamia kwangu akanieleza ya Waingereza. Wana msemo wao wa mtu aliyeishiwa la kusema na la kutenda. Ukiugeuza neno kwa neno, wanasema yuko hasarani. Na msemo huo, alisema, hautembei na kila neno. Hauitaki "kidogo". Ukisema fulani yuko hasarani kidogo, Mwingereza anasikia kama sisi tunavyosikia mtu akisema marehemu amekufa kidogo. Unataka "kabisa", unataka "mno", hayo ndiyo maneno yaliyofunga nao ndoa. Lakini yupo mwenzake mwingine mpole anayekubaliwa nyumbani humo, naye ni "kwa muda". Mtu anaweza kuwa hasarani kwa muda, kisha akainuka akaendelea na kazi zake. Nikamwambia, kumbe hata Waingereza walikuwa na mama. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo wanafunzi wake aliwapa yote mawili. Kwenye mtihani andikeni "kabisa", ndivyo wenye lugha wanavyosema. Mkivuka kizingiti, tembeeni na "kwa muda".

Mimi shule yangu ni darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo sijui kama vitabu vinakubaliana naye. Najua nilichokiona. Chumba kile kilianza na mjane mmoja wa hapa hapa kwetu. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, binti yake ameambulia ziro, na shemeji zake yule mama walikuwa wameshamtafutia binti mume. Alikuja na jembe begani, binti nyuma yake, kuaga tu.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimeduwaa kabisa."

Mwalimu alikuwa akichambua sombe. Hakunyanyuka.

"Mama, umeduwaa kabisa, au umeduwaa leo?"

Yule mjane akateremsha jembe, akaliegemeza mlangoni.

"Leo," akasema.

"Basi kesho mlete."

Nikawatoa mbuzi wangu chumba cha nyuma, nikafagia, nikapaka udongo ukutani. Shemeji walikuja kunitukana, wakaniita bibi mvunja ndoa. Nikawapa viti na maji ya kunywa, wakatukana mpaka wakachoka. Binti alirudia mtihani akafaulu. Wakaja wengine. Binti huyo huyo leo amesomea ualimu, ajira bado haijamfikia, na tangu Mwalimu augue ndiye anayejitolea kuwafundisha wenzake mle ndani. Wasichana hao hawana kwingine. Wakikaa kwao wanatumwa kutwa nzima, na wachumba wanapiga hodi.

Nimeona kambi ya wakimbizi ya Mtabila ikijaa watu na nimeiona ikifungwa. Nimeona Nduta ikifunguliwa tena. Nimewaona akina mama wa Burundi wakifika na sufuria moja kichwani, na mtoto mgongoni, na sikumsikia hata mmoja akiniambia amekwisha kabisa. Walisema sufuria ipo, wakauliza kuni zinaokotwa wapi. Sasa nawasikiliza vijana wetu, wenye simu na viatu, redio imewafundisha kwamba kila kitu ni mazima, ndiyo "kabisa" yao: nimevurugwa mazima, nimechoka mazima. Mtu anajifungia mlango kwa ndani, halafu analaumu majirani kwamba hawaingii. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Sawa. Lakini hakikisheni kwanza kwamba limevunda, msije mkanyima ubani kitu kilicholowa tu.

Ndiyo maana juzi mwanangu alipokuja na fundi wa kubadilisha mlango, nilikuwa nimeshajiandaa. Alinieleza kwa upole, maana ana upole wa wafanyabiashara. Mwalimu ameondoka, wasichana watapata pengine, mahindi yakilala nje yataota ukungu. Akaongeza kwamba hata watu wanasema bibi ameduwaa kwa msiba, hajui anachokifanya. Nikamwambia kuduwaa nimeduwaa. Bado napika chakula cha watu wawili. Ila kilichobaki nakijua: kuna ubao, kuna wasichana, kuna binti wa kuwafundisha. Na nyinyi mnaonisoma, mkienda kwa mfiwa mpeni pole yake, kisha muulizeni kimebaki nini. Akikitaja, simameni naye hapo hapo, hata kama anayekitaka kitu hicho ni mtoto wenu wa kumzaa.

"Baba, chumba sikitoi. Wasichana watakaa."

Nilimwambia hivyo mwanangu, na fundi akaanza kukunja futi yake. Mwanangu hakukunja kitu. Mle chumbani sauti za wasichana zilikuwa zimekatika, hata chaki haikusikika. Akasogea karibu, akainama kama anayemwamsha mgonjwa.

"Hata kwa muda tu, Mama? Mpaka mahindi yauzwe?"

Hiyo "kwa muda" ya mwenye magunia naijua, na si ndugu na ile ya Mwalimu. Ina mlango wa kuingilia, haina wa kutokea. Nikamtazama usoni, mtoto wangu niliyemlea kwa muhogo huu huu, na sikutafuta neno la kuongeza wala la kupunguza.

"Baba, chumba sikitoi. Wasichana watakaa."