Aliyenichagulia Bafle

Kama unatafuta hadithi ya kukupitishia muda, hii iache. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kindu, mchana, nikiwa na akili zangu zote. Papa Amisi mwenye duka yupo hai, nenda kamuulize.

Mimi napiga gitaa kwenye arusi. Fundi hasa alikuwa kaka yangu mkubwa, Ramazani, ila simkumbuki. Wakati wa vita askari walimbebesha mizigo yao, wakamvusha mto, wakashika naye njia ya Punia. Mimi nilikuwa bado mgongoni mwa mama. Nyumba ikachomwa, na ndani yake ampli yake ya kukuzia sauti ya gitaa na picha zake zote, sisi tukahamia mtaa mwingine. Ramazani hakurudi. Mama alikataa katakata kumwekea matanga. "Mutu iko hai, munamulilia ya nini?" Kila Idi alimshoneshea shati, na kila mara alimwambia fundi aongeze kidogo tumboni, maana mwanamume akikua hunenepa. Mashati hayo yalijaa sanduku zima, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Mwaka huu akaugua, akaacha kula. Nilimbembeleza kwa uji, kwa samaki, kwa machozi. Wapi! Siku moja akanishika mkono. "Mwanangu, tulihama. Ramazani atajua nyumba namna gani? Piga gita kwa sauti yake. Akiisikia, atakuja."

Nikapiga. "Hiyo haiko ya Ramazani." Nikaazima ampli ya mwenzangu mmoja, nikaazima ya mwingine. "Hiyo haiko yake." Nilimuuliza sauti hiyo ilikuwaje. Alijua tu kwamba ilikuwa ya chini, ikitoka chumba cha nyuma, enzi ambazo mtu akipiga muziki askari waliingia. Mwishowe akageukia ukutani. Wewe ungefanya nini? Mama yako anakufa mbele yako, na dawa aliyokuomba ni sauti ambayo hujawahi kuisikia.

Ndipo nikasikia kwamba Papa Amisi ameletewa kutoka Goma mashine za kidijitali, zile za kukanyaga kwa mguu, ambazo ndani yake zimo sauti za ampli za kila aina, za zamani na za sasa. Nikajiambia, katika zote hizo haikosi moja iwe yake. Nikaenda mbio.

Kulikuwa na mashine mbili, na bafle mbili, yaani spika za kutolea sauti yake. Papa Amisi akanieleza kwa subira: hii ina sauti nyingi, ile ina chache lakini safi, bafle hii inatoa kile tu inachopewa, ile kubwa inaongeza utamu wake yenyewe. Nikaikimbilia ile kubwa. Unajua mambo ya hapa kwetu, mpiga gitaa hupimwa kwa bafle kabla hajagusa uzi, na mwenye bafle ndogo huchekwa hata na wapishi. Nikajaribu sauti moja baada ya nyingine. Nyingine zilinguruma, nyingine zililia, zote nzuri, na hakuna hata moja ya mtu aliyepiga gitaa huku anaogopa. Mvua ikaanza kupiga mabati. Nikainamia mashine ile, nikalia kama mtoto. Sioni haya kusema.

"Unatafuta nini, mudogo?"

Kijana alikuwa amesimama karibu yangu, amelowa chapachapa, sikio lake moja limechanika. Hata ndevu hana, ananiita mudogo, mimi mwenye mke na watoto! Ningekuwa na nguvu ningemtia adabu. Lakini nilikuwa nimekwisha kabisa, nikamwambia yote. Hakusema pole. Alipiga magoti mbele ya mashine, wala hakutazama kioo chake. Alizungusha vifungo huku ameinamisha kichwa, akisikiliza tu.

"Zima bafle ya ndani," akasema. "Mashine inaigiza bafle, na wewe unaweka ingine inje. Bafle mbili juu ya sauti moja, sauti inazama." Akapunguza nguvu, akapunguza besi. Kisha akaipita ile bafle kubwa kama haipo, akaokota spika tupu ya redio iliyokuwa imetupwa kwenye vyuma. "Ndio hii. Ukifika, iingize ndani ya mutungi wa maji wenye haina maji, uso yake chini. Makelele inabakia ndani. Wa nyumbani tu ndio wanasikia."

Niligeuka kumwomba Papa Amisi anifungie vitu vile. Nilipogeuka tena, kijana hayupo. "Mudogo wako anajua kazi," akasema Papa Amisi. "Munafanana sana." Mimi nacheka tu! Kwetu mimi ndiye kitindamimba, sina mdogo. Nilidhani mzee amechanganya watu, na haraka niliyokuwa nayo haikuniruhusu kuuliza.

Nyumbani nikafanya vilevile, mtungi, spika, uso chini, nikapiga. Mama akageuka kutoka ukutani. Akaketi mwenyewe, yeye ambaye tulikuwa tunamgeuza kama mtoto mchanga. Akacheka! "Kumbe ni Ramazani aliiba mutungi yangu zamani zile! Nilipiga jirani makelele juu ya ule mutungi!" Akaomba uji. Akanywa, niamini, akanywa mpaka akamaliza, na mimi napiga huku nalia kwa furaha.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

Na mimi, kwa furaha ile, nikamwaga yote. "Ni kijana mmoja, mama, sikio limechanika, alipiga magoti pale mbele ya mashine, ananiita mudogo."

"Sikio gani?"

"La kushoto."

"Iko na umri gani?"

"Hajafika hata ishirini."

Nilikuwa bado natabasamu niliposema hivyo. Mama aliweka kikombe chini. Ndipo nami nikaanza kuelewa, nikatamani kuurudisha ulimi wangu. "Ramazani wangu," akasema polepole, "angekuwa na mvi sasa." Kisha akasema, "Zima, baba. Kesho uite shehe. Tumusomee."

Tulimsomea Ramazani hitima, majirani wakaja, mama akalia kilio alichokizuia tangu vita. Hakula tena. Hatukumaliza hata wiki, naye mama tukamzika.

Leo bado napiga kwenye arusi, na watu husifu mashine yangu. Wanasema niliwahi kumpa mama zawadi kubwa kabla hajafa. Ni kweli aliisikia sauti. Lakini kilichomweka hai miaka yote ni kutojua, na mimi ndiye niliyemtoa humo kwa maneno mawili matatu ya furaha. Tangu hapo najua kwamba nimekuwa mkubwa kuliko kaka yangu, na kila mwaka nazidi kumpita.

Kwa hiyo nakuomba, wewe ambaye kwenu kuna mtu mnayemngojea. Mgeni akikusaidia jambo ambalo mgeni hangeweza kulijua, pokea msaada, mshukuru, nenda nyumbani. Mama yako akikuuliza anafanana na nani, mwambie hukumtazama.