Bibi Harusi Hazimi Gari Mteremkoni

Watu wakisema shemeji yangu ni mkaidi, mimi huwajibu: ndiyo, mkaidi, na nyinyi mnapungukiwa nini? Yeye ni mke wa kaka yangu. Anaendesha gari la mikate, na mimi kazi yangu ni kukaa pembeni yake na kushusha kreti kila duka tunalosimama. Kaka yuko nyumbani na cherehani yake, anatuombea heri. Pale kiwandani madereva wote ni wanaume isipokuwa yeye, na wamempa jina: Bibi Harusi. Eti anaendesha kana kwamba nyuma amempakia bibi harusi na anaogopa vipodozi visiharibike. Jina lenyewe wakaliandika kwa chaki ubaoni, juu ya msumari anaotundikia ufunguo wake jioni. Nilipotaka kulifuta alinishika mkono.

"Liache, shemeji. Umeona wapi sherehe ikaanza bibi harusi hajafika?"

Kwa maneno humuwezi.

Wengi hawajui kwamba kazi ya kreti, hii ninayoifanya mimi, aliianza yeye. Alikuwa mshushaji wa dereva mmoja mwenye mguu wa chuma: akiwasha gari ni kuunguruma, akiona nafasi ni kuruka, akifika kwenye makutano ni breki ya ghafla. Sasa mkate uliotoka tanuri asubuhi ni laini. Breki moja ya kijinga, kreti zinagongana, mikate ya mbele inabonyea. Mwenye duka hamwoni dereva, anamwona mshushaji. Shemeji alitukanwa kwa mikate ambayo hakuibonyeza yeye. Anasema siku moja mama mmoja wa duka alimtupia mkate kifuani mbele ya wateja, na hapo ndipo alipoapa kwamba siku akishika usukani, hautabonyea mkate hata mmoja.

Akajifunza, akafaulu, akapewa gari bovu kuliko yote. Na kile kiapo chake cha mikate kikaja kuwa kiapo cha mafuta, maana mguu ni uleule. Anaona taa nyekundu ikiwa bado mbali, anaachia mafuta mapema, gari linajiendea lenyewe taratibu, na mara nyingi taa inageuka kabla hatujasimama. Akipandisha gia hasubiri injini ipige kelele. Asubuhi hawashi gari likaunguruma bure huku watu wanapiga soga. Tukiwa tayari ndipo anapowasha, tunaondoka. Kila Jumatatu anajaza upepo kwenye matairi. Keria ya juu ya gari, lile dude la chuma ambalo hatukuwahi kulipakia chochote, aliifungua kwa mikono yake akaiweka stoo. "Inapigana na upepo," aliniambia. "Unadhani huo ugomvi unalipiwa na nani?"

Na usije ukamwambia haraka haraka haina baraka. Methali hiyo haipendi kabisa. Anasema watu wanaitumia kufichia uvivu, na yeye si mvivu, yeye hapendi kukimbilia mahali pa kusimama. Kweli, hatujawahi kufika duka la mwisho tumechelewa. Wale wanaotupita kwa honi na vumbi tunawakuta kwenye makutano yanayofuata wanatusubiri, na mimi huwapungia mkono. Yeye hunikataza, lakini nafsi yangu haina uungwana huo.

Basi mwaka mmoja mwenye kiwanda alimleta msimamizi mpya, mume wa binti yake. Nyuma ya mgongo wake tukamwita Bwana Mkwe. Viatu vinang'aa, mikono nyuma, kila kitu anakijua. Akatoa amri: tangi litajazwa Jumatatu, na mafuta yafike Jumamosi. Yakimwishia dereva njiani, ufunguo wake atautundika na asirudi kuuchukua. Na mshushaji naye, kwa kuwa anakwenda na gari, aende na dereva wake. Hapo moyo wangu ulifanya paa!

Madereva wakapata dawa yao upesi. Kiwanda chetu kiko juu mlimani, soko na maduka yako chini, na katikati kuna mteremko mrefu wenye kona mbili, mwisho wake kivuko cha watoto wa shule. Wakaanza kushuka frii: wanatoa gia, wanazima injini kabisa, gari linateremka kimya na uzito wake wote wa mikate. Wakawa wanajisifu. Bwana Mkwe aliposikia akafurahi mno, akaigeuza kuwa sheria: kila gari lishuke limezimwa, asiyetaka atundike ufunguo.

Shemeji akasema mbele ya wote, "Mimi sizimi."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema Bwana Mkwe, na wenzetu wakacheka.

"Na guu lenyewe ndilo linaloshika breki ya gari lako. Lihurumie."

Baadaye nilimbembeleza. Sikuona aibu kumbembeleza, kwa sababu niliogopa. Nilimwambia, "Shemeji, zima tu twende. Wenzako wote wanazima, mbona hawafi?" Akanieleza kwa upole, jambo ambalo kwake ni nadra. Breki ya gari letu inasaidiwa na injini. Injini ikizimika, ukikanyaga mara moja au mbili msaada umeisha, kanyagio linakuwa gumu kama ukuta. Usukani nao unakuwa mzito. Halafu hayo mafuta wanayodhani wanayaokoa hayapo. Gari hili ukishuka nalo likiwa kwenye gia, mguu umeutoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo haimwagiwi hata tone. Fundi alimweleza, na yeye mwenyewe amelichunguza kwa siku nyingi.

"Kwa hiyo wanahatarisha watoto wa watu kwa ajili ya hewa," akasema. "Ufunguo nautaka, shemeji. Nyumbani tunakula kwa ufunguo huo, najua. Lakini kwa masharti hayo, hapana."

Asubuhi ya Ijumaa tukamkuta Bwana Mkwe amesimama kando ya gari letu. "Leo napanda na nyinyi," akasema. Akakaa katikati yetu, goti lake karibu na mtambo wa gia. Mkanda hakufunga. Shemeji akawasha, tukatoka getini, tukaufikia mteremko. Akaingiza gia ya chini akaachia mafuta, injini ikawa inavuta gari kwa nyuma kama kawaida yake.

"Zima."

"Sizimi."

"Nimesema zima!"

"Nimesikia. Sizimi."

Jamani, yule mtu hakungoja. Akasukuma mtambo wa gia ukatoka, akajinyoosha, akazungusha ufunguo. Kimya kikaingia, halafu upepo ukaanza kupiga mluzi dirishani na nyuma kreti zikaanza kutembea. Kona ya kwanza ilikuwa mbele yetu. Shemeji alikanyaga breki mara moja ikakubali, mara ya pili ikawa ngumu. Nilimwona akiinuka kwenye kiti, miguu yote miwili juu ya kanyagio, mikono ikipigana na usukani, kisha akaanza kuvuta breki ya mkono kidogokidogo. Bwana Mkwe alikuwa amenishika paja kwa kucha. Mimi nilikuwa namwita mama yangu, sifichi. Gari likakwaruza pembezoni mwa barabara, likapunguza, likasimama kabla ya kona, tukiwa tumelipita kidogo kalvati la maji. Mikate nyuma ilikuwa imemwagika yote.

Shemeji akachomoa ufunguo, akaufungua mkono wa Bwana Mkwe kidole kwa kidole, akauweka humo.

"Mlitaka nitundike. Nimekutundikia wewe. Kesho usinitafute, na leo usiniite."

Akashuka, akanituliza hofu kwa kunitazama mara moja tu, akaanza kupanda mlima kwa miguu. Mimi nilibaki na kreti zangu.

Bwana Mkwe akanigeukia. "Haya, endesha wewe."

"Mimi? Mimi nashusha kreti, bosi. Sina leseni. Endesha wewe."

Akautazama ufunguo. Akayatazama yale makanyagio matatu chini. Akalegeza kola ya shati. Nikaona jasho.

"Sijui kuendesha," akasema kwa sauti ndogo.

Loo! Ndugu zangu, nilicheka mpaka nikashika dashibodi. Mtu aliyewatungia madereva wote sheria ya mteremko! Hasira yangu yote ilitoka kwa kicheko kile, na nilipokwisha kucheka ikarudi upya. Nikamwambia, "Maduka yanangoja. Mikate imemwagika. Aliyekuwa anajua kulifikisha gari hili chini yuko kule juu, na umemfukuza mwenyewe. Mfuate."

Akashuka. Shemeji hakuwa amefika mbali, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kalvati, amevua viatu anakanda vifundo vya miguu. Nilikuja nyuma ya Bwana Mkwe ili nisikose neno.

"Dada, mikate inapoa."

"Mikate ilipoa kitambo. Sema linalokuuma."

"Njoo uendeshe."

"Injini ikiwa imezimwa?"

Akaangalia viatu vyake, vumbi limevijaa. "Ikiwa inawaka."

"Sema kwa nguvu. Shemeji yangu hapa ana masikio mazito."

"Ikiwa inawaka!" Nami masikio yangu hayana tatizo lolote, lakini nilitikisa kichwa kuonyesha kwamba sasa ndiyo nimesikia.

"Na wenzangu?"

"Na wao nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

"Wasizime." Kisha akaongeza, kwa shida, "Nimeogopa, dada. Sikujua."

"Na mimi nimeogopa. Nina mume nyumbani." Akavaa viatu bila haraka, akanyoosha mkono. Bwana Mkwe akamrudishia ufunguo. Tulipoingia garini alifunga mkanda kabla yetu sote, na kona zote mbili alizikata taratibu. Kule kivukoni watoto walikuwa wanavuka. Gari letu lilishawapunguzia mwendo tangu mbali, wakapita wanakimbizana, mmoja akatupigia saluti.

Mikate iliyobonyea ilikuwa mingi. Kila duka ilibidi mtu aombe radhi, na shemeji alimshusha Bwana Mkwe akaombe mwenyewe.

Jumamosi jioni tukaingia getini. Madereva walikuwa wamejipanga, habari ilikuwa imeshafika. Bwana Mkwe akainama dirishani akautazama mshale wa mafuta, akatoa kichwa, akakirudisha akautazama tena. Mshale ulikuwa juu ya mstari mwekundu, tena kwa nafasi ya kutosha. Yule dereva anayejisifu kuliko wote, aliyeshuka frii tangu Jumatatu, mshale wake ulikuwa umelala.

Tukaenda ubaoni kutundika ufunguo. Bwana Mkwe akatufuata na kitambaa kibichi mkononi. Akasema lile jina la chaki atalifuta, si heshima, ataandika la maana. Nilidhani shemeji atashukuru, maana hata mimi niliguswa.

"Usiguse," akasema. "Hilo ni langu sasa. Shika chaki, uandike chini yake."

"Niandike nini?"

"Hazimi gari."

Madereva wote walikuwa wamekusanyika nyuma yetu. Bwana Mkwe akaweka kitambaa chini, akachukua chaki, akaandika. Mwandiko wake ni mbaya, lakini unasomeka hadi leo.