Mlango Niliourudisha Rumonge

Andika, mjukuu wangu, wala usipunguze neno. Nilisafiri kwa ajili ya nyumba ya marehemu baba. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Habari zilitufikia Cibitoke, mtaani kwetu Bujumbura, kwamba wapimaji wanaandika majengo yote ya zamani katika parokia yetu, karibu na Rumonge, na kwamba nyumba ya baba imeandikwa gofu. Magofu yangebomolewa. Dada yangu Agata, mjane aliyehifadhiwa na majirani, hakuwa na mahali pengine pa kuzeekea.

Nilifahamu kosa lao. Kwetu mbao ngumu ni adimu. Anayehama hung'oa mlango na kuondoka nao, kuta zikamngojea. Mpimaji mgeni huona uwazi mtupu, akadhani wenyewe wamekwisha. Mlango wa baba nilihama nao, ulikuwa ukifunga nyumba yangu ya mjini. Nikaung'oa.

Asubuhi, bandarini Bujumbura, wapakizi walinicheka.

"Muzee, unaenda kuoa mulango?"

"Beba, we. Utacheka ukishaushusha."

Boti ya mizigo ilielekea kusini, milima ikiwa kushoto kwetu. Niliukalia mlango njia nzima, maana mama mmoja alitaka kuanika dagaa juu yake.

Rumonge tuliwasili alasiri. Agata alishika upande mmoja, mimi mwingine, mpaka nyumbani. Kabla ya jua kuzama, bawaba zilikuwa zimekaa mahali pake pa zamani.

Kesho yake mpimaji alikuja na kamba yake, kuyapima magofu kabla hayajabomolewa.

"Apana, muzee. Hii tulishaandika gofu. Mulango wa jana haufanye nyumba."

Sikubishana. Niliingia na Agata, nikatia komeo. Mpimaji akasukuma.

"Fungua, muzee! Nipime ndani, nimalize kazi!"

"Kwa watu hawaingiye hivyo. Piga hodi."

Agata akakohoa.

"Hodi," mpimaji akasema shingo upande.

"Unapigia gofu hodi?"

Alicheka kidogo, kisha akashindwa kujizuia. "Muzee, umenipata. Hodi, wenye nyumba!"

"Karibu, kijana."

Alipima vyumba vyote, akalifuta neno lile mbele yetu.

Nilirudi Bujumbura kwa lori, mikono mitupu, nikatundika mkeka palipokuwa na mlango wangu. Safari hiyo ilinifundisha kwamba anayeandika nyumba akiwa amesimama nje huandika kuta tu. Ukitaka awaandike watu, mlazimishe kuomba kuingia.