Goti la Kiongozi wa Mlimani

Kiongozi wetu wa mlimani alikuwa mtu wa maneno machache. Kila tulipofika penye mawe yanayoteleza aliyagonga kwanza kwa fimbo, kisha akasimama kando mpaka wa mwisho apite. Kamba ya kiatu ikilegea, alipiga magoti akakufungia mwenyewe, mafundo mawili, kwa vile vidole vyake vinene vilivyopasuka kwa baridi. Tulipopita kwenye kuta za ngome ya kale alivua kofia na kushusha sauti, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada.

Dada yangu mkubwa ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuugua mapafu. Alitaka kufika juu, kwenye ukuta wa juu kabisa wa ngome hiyo, ambako babu yetu alizikwa na wenzake wa vita, ila alishasema wazi kwamba akiwachelewesha watu atarudi chini. Katikati ya mwinuko pumzi ikamkatika. Kabla hajafungua mdomo, kiongozi akaketi. "Jamani, mnivumilie. Goti linanisumbua."

"Kiongozi gani wewe!" mwalimu mmoja tuliyepanda naye akamtania. "Au tukubebe?"

"Mkiweza, mimi sikatai." Watu wakacheka, wakakaa. Alisugua goti la kushoto. Tulipopumzika tena, akasugua la kulia. Niliona, nikamwombea kimoyomoyo.

Tukafika. Dada akaweka viganja ukutani, akalia taratibu. Kiongozi akangoja mpaka amalize, ndipo akamsogelea.

"Ahsante, mama," akamwambia, "kwa kunisubiri."